Haba na haba hujaza kibaba: historia ya kuitafuta jeni ya wasiwasi

Leo tuweke kando mambo ya seva na programu, tuzungumze juu ya msimbo wa aina nyingine, ule ambao kila mmoja wetu amezaliwa nao. Wahenga walituachia methali mbili zinazogombana. Moja inasema mwana wa nyoka ni nyoka. Nyingine inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Je, tabia ya mtu hutoka kwenye damu au kwenye malezi? Wanasayansi wamelishughulikia swali hili kwa zaidi ya miaka 150, na safari yao ina mafunzo makubwa kwa yeyote anayefanya kazi na data. Ina pia ukurasa mmoja mchungu ulioandikwa hapa hapa Nairobi, kwa hivyo naomba usome hadi mwisho.

Nitafuata hulka moja tu, ile ambayo wanasaikolojia huiita nyurotisizimu. Hii ni wepesi wa mtu kuingiwa na wasiwasi, huzuni, hofu au hasira. Si ugonjwa. Ni kama urefu: kila mtu ana kiasi chake, wachache wako juu sana, wachache chini sana, na wengi wetu tuko katikati. Lakini ina uzito wake, kwa sababu walio juu kwenye kipimo hiki ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na sonona na maradhi ya wasiwasi.

KUTOKA KWENYE KAMUSI HADI KWENYE DODOSO

Tuanze na Francis Galton, Mwingereza aliyekuwa binamu wa Charles Darwin (babu yao alikuwa mmoja, Erasmus Darwin). Galton alipenda kupima kila kitu. Mwaka 1875 aliandika makala kuhusu mapacha, akiwatumia kuuliza ni kipi kina nguvu zaidi, maumbile au malezi. Mwaka 1884 akaja na wazo jingine: kama hulka fulani ni muhimu kwa watu, basi lugha yao itakuwa na neno la kuitaja. Akafungua kamusi na kukadiria kwamba Kiingereza kina maneno yapatayo 1,000 ya kueleza tabia ya mtu. Mwaka 1936 Wamarekani wawili, Gordon Allport na Henry Odbert, walirudia zoezi hilo kwa bidii zaidi wakakusanya maneno karibu 18,000. Orodha hiyo ndiyo iliyochujwa na wengine kwa miongo kadhaa mpaka zikabaki hulka tano kuu zinazotumika leo, na nyurotisizimu ni mojawapo.

Aliyelifanya neno hili lijulikane zaidi ni Hans Eysenck. Alizaliwa Berlin mwaka 1916, akakimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1934, akaishia London. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifanya kazi katika hospitali iliyopokea askari waliovunjika moyo vitani. Kutokana na rekodi za askari karibu 700 alitoa kitabu chake cha mwaka 1947, ambamo alidai kwamba tofauti nyingi za tabia zinaweza kupangwa kwenye mihimili michache tu. Dodoso alizotunga baadaye zina maswali mafupi ya ndiyo au la: je, furaha yako hupanda na kushuka bila sababu? Je, huwa unahangaika sana baada ya kuaibika? Shika jambo hili, tutakutana tena na dodoso hilo. (Sifa ya Eysenck ilichafuka baadaye. Mwaka 2019 uchunguzi wa Chuo cha King's, London, ulisema makala 26 alizoandika pamoja na mwenzake kuhusu haiba na maradhi kama saratani si za kutegemewa.)

MAPACHA NA HESABU YA URITHI

Ukitaka kujua hulka inarithiwa kwa kiasi gani bila kuona jeni hata moja, unatumia mapacha. Mapacha wa kufanana wana msimbo mmoja, kama nakala mbili za faili moja. Mapacha wasiofanana wanashirikiana nusu tu ya yale yanayotofautisha watu, sawa na ndugu wengine wowote. Aina zote mbili hulelewa nyumba moja, wakati mmoja. Basi kama mapacha wa kufanana wanakaribiana kwa wasiwasi kuliko wale wasiofanana, tofauti hiyo inakupa makadirio ya mchango wa urithi. Mjerumani Hermann Siemens aliieleza njia hii mwaka 1924. Eysenck na Donald Prell waliitumia kwa nyurotisizimu mwaka 1951 kwa jozi 50 za mapacha. Kuanzia mwaka 1979 Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alikwenda mbali zaidi akatafuta mapacha waliotenganishwa utotoni na kulelewa katika familia tofauti.

Matokeo yalikubaliana kwa jumla. Mwaka 2015 wachambuzi walikusanya tafiti nyingi za haiba wakapata kwamba karibu asilimia 40 ya tofauti za watu inatokana na urithi. Mwaka huo huo Tinca Polderman na wenzake walijumlisha miaka 50 ya tafiti za mapacha, jozi zaidi ya milioni 14 na sifa 17,804 za kila aina, na wastani ukawa asilimia 49.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mwenzangu mmoja kazini aliniuliza, "Mamangu ni mtu wa wasiwasi sana. Kwa hivyo asilimia 40 ya wasiwasi wangu ni wake?" Hapana. Asilimia hiyo haimhusu mtu mmoja. Inahusu tofauti kati ya watu, mahali fulani, wakati fulani. Fikiria ofisi ambamo kila mtu ameunganishwa na laini ile ile ya intaneti. Kama kompyuta moja inafungua kurasa haraka kuliko nyingine, tofauti itakuwa imetokana na kompyuta zenyewe. Sasa nenda mtaani, ambapo nyumba moja ina nyaya za kisasa na nyingine inategemea simu ya zamani. Hapo tofauti ya kasi itatokana zaidi na laini kuliko kompyuta. Kompyuta ni zile zile, lakini asilimia imebadilika. Urithi wa hulka ni namba ya aina hiyo. Ukibadilisha mazingira, namba nayo hubadilika. Haisemi kabisa kwamba jambo haliwezi kutibika au kurekebishwa.

MWAKA 1996: JENI IMEPATIKANA!

Tafiti za mapacha hukuambia kuna kitu ndani ya sanduku, lakini hazikuonyeshi ni kipi. Miaka ya tisini vifaa vya kusoma vipande vya DNA vilikuwa vimeingia maabara, ingawa kusoma jenomu nzima ya mtu ilikuwa bado ndoto. Ilibidi uchague jeni moja unayoishuku na kuisoma kwa watu wachache.

Januari 1996 makala mbili zilitoka katika jarida la Nature Genetics, moja kutoka Israeli na nyingine kutoka Marekani. Zote zilidai kwamba umbo fulani la jeni iitwayo DRD4, inayohusika na dopamini, huwafanya watu wapende kutafuta mambo mapya. Kisha Novemba 1996 Klaus-Peter Lesch wa Würzburg, Ujerumani, na wenzake wa Marekani walichapisha katika jarida la Science makala kuhusu wasiwasi. Jeni yao ilikuwa SLC6A4.

Jeni hii haikuchaguliwa ovyo. Inatengeneza protini inayovuta serotonini na kuirudisha ndani ya seli ya neva ikishamaliza kazi yake. Dawa za sonona kama Prozac hufanya kazi kwa kuizuia protini hiyo hiyo. Karibu na mwanzo wa jeni kuna kipande cha DNA, kiitwacho 5-HTTLPR, ambacho kwa watu wengine ni kirefu na kwa wengine ni kifupi kwa herufi kama 44. Lesch na wenzake waliwapima watu 505 wakasema wenye umbo fupi wana wasiwasi zaidi, na kwamba kipande hicho kinaeleza asilimia 3 hadi 4 ya tofauti za watu katika hulka zinazohusu wasiwasi.

Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa kipande kimoja ndani ya herufi bilioni tatu ilikuwa habari kubwa. Hadithi ilikamilika: dawa inajulikana, protini inajulikana, na sasa jeni nayo ni hiyo.

DUNEDIN, HALAFU UKUTA UKAANZA KUPASUKA

Tatizo la kwanza lilikuja mapema. Wengine waliporudia kazi ya Lesch, baadhi waliona uhusiano na baadhi hawakuona kitu. Kwa upande wa DRD4, uchambuzi wa mwaka 2002 uliojumlisha tafiti 20 ulikuta athari ya wastani iko karibu na sifuri. Inafurahisha kwamba mmoja wa waandishi wa uchambuzi huo alikuwa Richard Ebstein, yule yule aliyeongoza makala ya Israeli ya mwaka 1996. Huo ni uungwana wa kisayansi.

Mwaka 2003 jeni ya serotonini ilipata uhai mpya. Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao walitumia data kutoka Dunedin, New Zealand, ambako watoto 1,037 waliozaliwa miaka ya 1972 na 1973 wamekuwa wakifuatiliwa tangu utotoni. Kati yao walichambua 847 walipofika umri wa miaka 26. Hoja yao ilikuwa nzuri kuisikia: umbo fupi halikuletei sonona peke yake, ila ukipatwa na misukosuko ya maisha kama kufukuzwa kazi au kuachwa, wenye umbo fupi huanguka zaidi. Methali zetu mbili zikapatanishwa. Nyoka na malezi, vyote pamoja! Makala hiyo ilinukuliwa mara maelfu, na mamia ya tafiti nyingine zikafuata: umbo fupi na kukosa usingizi, umbo fupi na picha za ubongo, umbo fupi na kila kitu.

Mwaka 2009 Neil Risch, Kathleen Merikangas na wenzao walikusanya tafiti 14 zenye watu 14,250 wakachapisha majibu katika jarida la JAMA. Misukosuko ya maisha ilihusiana waziwazi na sonona. Jeni haikuonyesha mchango wowote, si peke yake wala ikichanganywa na misukosuko. Mwaka 2017 kundi jingine lilikubaliana kanuni za uchambuzi kabla ya kuanza, likapima watu 38,802, na halikupata ushahidi wenye nguvu. Mwaka 2019 Richard Border na wenzake walichukua jeni 18 zilizokuwa zimeandikwa sana kuhusu sonona, ile ya serotonini ikiwemo, wakazipima kwa sampuli za kuanzia watu 62,138 hadi 443,264. Jeni hizo mashuhuri hazikufanya vizuri kuliko jeni zilizookotwa tu bila sababu.

Hebu fikiria uzito wa jambo hili. Zaidi ya miaka 20 ya kazi, fedha za umma, vijana waliofanya shahada za uzamifu, na pengine wagonjwa walioambiwa kwamba shida yao inajulikana iko wapi. Wala hakuna mtu aliyehitaji kudanganya ili haya yatokee.

HITILAFU ILIKUWA WAPI?

Sisi waandishi wa programu tunaifahamu tabia hii. Mfumo una mafaili 20,000, kuna hitilafu, nawe unafungua faili moja tu kwa sababu ndilo ambalo jina lake unalijua. Jeni za binadamu zinazotengeneza protini ni karibu 20,000. Watafiti walifungua ile iliyokuwa na jina maarufu kwa sababu ya Prozac.

Shida ya pili ni kipimo cha uhakika. Kwa desturi matokeo hukubaliwa kama uwezekano wa kuyapata kwa bahati tu ni chini ya 1 kati ya 20. Sasa jaribu jeni 20 zisizo na maana yoyote. Kwa wastani moja itakupa jibu "zuri". Ukigawa sampuli yako kuwa wanawake peke yao, vijana peke yao, waliofiwa peke yao, nafasi zinaongezeka. Majarida nayo yalipenda kuchapisha yaliyofaulu, na yale yasiyopata kitu yakabaki kwenye droo.

Ya tatu ndiyo kubwa zaidi, na nimeipigia hesabu mwenyewe. Ukiwa na watu 500, hata kwa kipimo hicho legevu, utakuwa na nafasi nzuri (8 kati ya 10) ya kuona athari iwapo tu inaeleza kama asilimia 1.6 ya tofauti au zaidi. Je, kama athari halisi ya jeni moja ni asilimia 0.02? Hapo ukitumia kipimo kikali kinachofaa kwa kupekua jenomu nzima, unahitaji watu karibu 200,000. Kutafuta athari kama hiyo kwa watu 500 ni kama kusikiliza mnong'ono katikati ya soko la Gikomba. Utasikia kitu, lakini hutajua ni nani aliyekisema.

HABA NA HABA

Jambo la kusikitisha ni kwamba jibu lilikuwepo tangu mwaka 1918. Mwaka huo Ronald Fisher, mwanahesabu wa Uingereza, alionyesha kwamba sifa zinazopanda na kushuka taratibu kama urefu zinaelezeka vizuri ukichukulia kwamba zinatokana na jeni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo. Kwa Kiswahili tungesema haba na haba hujaza kibaba.

Tena Septemba 1996, miezi miwili tu kabla ya makala ya Lesch, na katika jarida lile lile la Science, Risch na Merikangas walikuwa wameandika kwamba njia ya mbele kwa maradhi yenye vyanzo vingi ni kupima jenomu nzima kwa watu wengi, kwa kipimo kikali cha uhakika. Ndio hao hao waliokuja kuibomoa nyumba mwaka 2009. Onyo na kosa viliandikwa mwaka mmoja, katika jarida moja.

Kilichokosekana wakati ule kilikuwa vifaa. Rasimu ya jenomu ya binadamu ilitoka mwaka 2001 na mradi ukatangazwa kukamilika mwaka 2003. Baadaye zikaja chipu za bei nafuu zinazosoma mamia ya maelfu ya herufi kwa mpigo, na hifadhidata kubwa kama UK Biobank, iliyoandikisha Waingereza nusu milioni kati ya mwaka 2006 na 2010. Unakumbuka dodoso la Eysenck? Maswali 12 kutoka humo ndiyo yaliyotumika huko kupima nyurotisizimu. Mtu anajibu ndiyo au la mara 12, anatoa damu, na mahesabu yanaanza. Kipimo kinachodaiwa si tena 1 kati ya 20, ni 1 kati ya milioni 20.

Angalia jinsi namba zilivyopanda. Mwaka 2015, kwa watu 63,661, lilipatikana eneo 1 tu la jenomu linalohusiana na nyurotisizimu. Mwaka 2016, kwa watu 106,716, yakapatikana 9. Mwaka 2018 Michelle Luciano na wenzake walitumia watu 329,821 wakapata 116. Mwaka huo huo Mats Nagel na wenzake walitumia watu 449,484 wakapata 136. Tafiti za baadaye zimeongeza zaidi. Lakini hata tofauti zote za kawaida zinazosomwa na chipu, zikijumlishwa pamoja, zinaeleza karibu asilimia 10 tu ya tofauti za watu, wakati mapacha walituambia 40. Pengo hilo bado linajadiliwa: huenda kuna tofauti adimu ambazo chipu hazisomi, huenda hesabu za mapacha ziliongeza chumvi kidogo, huenda ni yote mawili.

Kwa hivyo jeni ya wasiwasi haipo. Kuna maelfu ya mipangilio midogo midogo iliyotawanyika katika mfumo mzima, na mingi inagusa mambo mengine pia.

UKURASA WA NAIROBI

Nilisema kuna ukurasa mchungu. Galton ndiye aliyebuni, mwaka 1883, neno la Kiingereza la kuboresha kizazi cha binadamu kwa kuchagua nani azae. Wazo hilo lilisafiri, na lilifika Kenya.

Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Kizungu waliunda jijini Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Kiongozi wake alikuwa daktari H. L. Gordon, aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alishikilia kwamba Mwafrika ana upungufu wa akili wa kuzaliwa nao. Mwenzake F. W. Vint alipima ubongo wa maiti za Waafrika na kuchapisha makala mwaka 1934. Walitaka serikali ya Uingereza igharimie utafiti mkubwa zaidi, lakini hawakupewa fedha walizozitaka.

Baada yao akaja J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari hadi mwaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu walikuwa wakidai ardhi na uhuru. Ripoti iliwaona kama watu waliovurugika nafsi kwa kukatwa na mila zao. Frantz Fanon alimjibu kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1961.

Siwaweki Lesch na Caspi katika kapu moja na watu hawa. Lesch na Caspi walikuwa na hoja inayopimika, nayo ilipimwa na kuanguka. Ila kuna funzo linalotugusa: hadithi fupi kuhusu maumbile ya watu, ikiambatana na jina la daktari na jedwali la namba, hupita mlangoni bila kuulizwa maswali. Mathari ilikuwa imejaa wagonjwa waliohitaji msaada, na hadithi hiyo haikuwasaidia.

DATA YA NANI, KWA FAIDA YA NANI?

Leo sisi tumo kwenye hifadhidata, lakini kwa uchache. Mradi wa kimataifa wa HapMap, katika awamu yake ya tatu, ulijumuisha Waluhya wa Webuye na Wamaasai wa Kinyawa. Sampuli za Webuye zilitumika pia katika mradi wa Jenomu 1000, na mtafiti yeyote duniani anaweza kuzipakua. Hata hivyo, makala ya mwaka 2019 katika jarida la Cell ilionyesha kwamba asilimia 78 ya watu waliomo katika tafiti za aina hii walikuwa wa asili ya Ulaya, na wa asili ya Afrika walikuwa asilimia 2 tu. Na hali Afrika ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za jeni, maana binadamu amekaa hapa muda mrefu kuliko kwingine kote!

Matokeo yake ni kwamba alama inayokokotolewa kutokana na jeni za Waingereza hufanya kazi vibaya kwa Mwafrika, mara kadhaa chini ya inavyofanya kwa wenyewe. Ni kama programu iliyojaribiwa kwenye aina moja tu ya simu. Ndiyo maana kazi kama ya NeuroGAP-Psychosis, inayochunguza maradhi makubwa ya akili huko Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, ina maana. Kwa Kenya imeshirikisha Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret na kituo cha KEMRI-Wellcome, Kilifi, na lengo lake kwa nchi zote lilikuwa wagonjwa 17,000 na wasio wagonjwa idadi hiyo hiyo.

Kuna pia suala la usalama. Sehemu ya data ya ule utafiti wa mwaka 2018, watu 59,206, ilitoka kwa wateja wa kampuni ya 23andMe. Mwaka 2023 wadukuzi walichota taarifa za wateja karibu milioni 6.9 wa kampuni hiyo, na Machi 2025 iliomba ulinzi wa kufilisika. Nenosiri likivuja unalibadilisha. DNA ikivuja, huna nyingine, na ndugu zako wamevuja pamoja nawe. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa data nyeti. Ni vizuri kila anayeandika programu aijue.

Nasema haya kwa sababu siku moja mteja atakuja kwako na pendekezo zuri kwenye karatasi: programu ya shule inayosoma mate ya mtoto na kusema atakuwa na haiba gani, au ya kuajiri inayochuja wenye wasiwasi. Muulize maswali matatu. Ushahidi wako ulitoka kwa watu wangapi? Walikuwa watu wa wapi? Na je, kuna mtu mwingine aliyerudia akapata jibu lile lile? Kipande cha 5-HTTLPR, pamoja na umaarufu wake wote, kilianguka kwenye swali la kwanza na la tatu. Kama mteja hana majibu, kataa kazi, hata kama bei ni tamu.

Na wewe msomaji unayelala na mawazo mengi: hakuna herufi 44 zilizokuhukumu. Katika uchambuzi ule wa mwaka 2009, kilichobaki kimesimama baada ya jeni kuanguka ni misukosuko ya maisha, na hiyo jirani, rafiki na daktari wanaweza kukusaidia kuibeba.

Haya basi, mnaonaje? Nyumbani kwenu ni methali ipi inayotumiwa zaidi, ile ya nyoka au ile ya malezi? Nasubiri maoni yenu. Wakati ujao tutarudi kwenye hifadhidata zetu za kawaida :-)